Je, Kuni Zetu Ndizo Zinaharibu Mvua?



Kuna swali moja ambalo limetufikia kwa njia nyingi. Mama mmoja alituuliza kwenye foleni ya maji. Vijana wawili walituuliza wakitoka shule. Mzee wetu mmoja wa kutoka Uvira aliliweka hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Banasema sisi bakimbizi njo tunamalizaka miti, njo maana mvua inapotea ao inakuya na hasira. Ni kweli?"

Swali hilo si dogo. Mtu akiambiwa kwamba yeye ndiye amefukuza mvua ya jirani yake, halali vizuri. Na jirani anayeamini hivyo, hata akikuuzia ndizi sokoni, hakuangalii kwa moyo mweupe. Njo maana mwezi huu tumelipa swali hili kurasa za katikati, ambazo kwa kawaida tunaziweka kwa mambo ya afya ya watoto.

Jibu fupi ni hili. Kuni zikikatwa ovyo zinaharibu kilima, zinaharibu udongo na chemchemi ya chini yake. Hilo tusilifiche. Lakini joto linalovuruga mvua ya dunia nzima lina chanzo kikubwa zaidi, tena kiko mbali na mbabula yetu. Na kuna jambo la pili, ambalo wengi hawajalisikia: joto lenyewe limeanza kutoa ukaa uliokuwa umelala ndani ya misitu na vinamasi, na ukaa huo unaongeza joto tena. Jibu refu linafuata. Mwenye haraka arudi jioni, tusome pamoja.

Ukaa ni kitu gani

Geuza sufuria iliyopikia kuni. Yale masizi meusi chini yake ni ukaa. Walimu wanauita kaboni. Makala ndani ya mbabula ni ukaa karibu mtupu. Lakini ukaa haukai tu ndani ya vitu vyeusi. Mti ukikauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni ukaa. Uko ndani ya maharagwe, ndani ya mchele, ndani ya nyama ya mbuzi na ndani ya nywele za mtoto unayemsuka.

Ukaa ukiungua unashikana na oksijeni, ile hewa tunayoivuta, na unakuwa hewa ya ukaa. Hiyo haina rangi wala harufu. Ndugu zetu waliokaa Goma wanaifahamu vizuri kwa jina lingine: mazuku. Ile hewa inayotoka ardhini upande wa volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala katika mashimo na mabonde, mbuzi anashuka kunywa maji na hapandi tena. Imeua watoto pia. Mazuku sehemu kubwa ni hiyo hewa ya ukaa, ile ile inayotoka kinywani mwetu tukipumua, lakini imejikusanya fasi moja.

Katika hewa ya kawaida inayotuzunguka hewa ya ukaa ni kidogo sana, kama sehemu 4 katika sehemu 10,000. Kidogo hicho kina kazi. Kinaacha mwanga wa jua upite kuja chini, lakini kinazuia joto la ardhi lisirudi juu upesi. Ni kama blanketi. Bila blanketi hilo dunia ingekuwa barafu. Lakini blanketi likizidi unene, mwenye kulala anatoka jasho.

Sasa angalia njia ya ukaa. Jani linavuta hewa ya ukaa, kwa nguvu ya jua linaigeuza kuwa sukari, na sukari inakuwa mbao, mzizi na tunda. Mbuzi anakula jani. Mbuzi anapumua, sehemu ya ukaa inarudi hewani. Samadi yake inaingia udongoni, wadudu na vijidudu wanaila, wao pia wanapumua. Mti ukianguka unaoza, ukaa unarudi hewani. Ukaa mwingine unaingia katika maziwa na bahari, mwingine unatoka. Unazunguka hivyo tangu zamani sana, na kwa maelfu ya miaka kilichopanda na kilichoshuka vilikuwa karibu sawa.

Kuni na mazutu si deni moja

Hapa ndipo watu wanachanganya. Ukikata mti wa miaka 15 ukauchoma, ukaa wake unarudi hewani siku hiyo hiyo. Ni kweli. Lakini ukaa huo mti ulikuwa umeuchukua hewani ndani ya miaka hiyo 15. Ukipanda mwingine na ukaachwa ukue, utauchukua tena. Deni hilo linalipwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kisiki kisipochipuka na kilima kikabaki wazi, basi hapo deni halilipwi.

Mazutu, petroli na makaa ya mawe ni jambo lingine. Ukaa wake ulitoka hewani mamilioni ya miaka iliyopita, ukazikwa chini ya ardhi, ukafungiwa. Ukiuchimba na kuuchoma unaongeza katika hewa ukaa ambao haukuwamo katika mzunguko, na hakuna mti wa kutosha wa kuurudisha kaburini. Saruji nayo vilevile: jiwe la chokaa likichomwa, kama linavyochomwa pale kiwanda cha CIMERWA huko Bugarama, linaachilia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe.

Kila mwaka dunia inatoa hivi sasa tani kama bilioni 37 za hewa ya ukaa kutoka kwa mafuta, makaa ya mawe, gesi na saruji. Mtu wa Marekani kwa wastani anahesabiwa tani kama 14 kwa mwaka. Mtu wa Kongo hafikii hata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Mzee wetu wa Uvira ashike hesabu hiyo.

Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Mwaka 1958 mtaalamu Charles David Keeling alianza kuipima kila siku juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Alikuta kama 315. Mwaka 2024 wastani ulipita 422, na mwaka huo huo ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa.

Wengine wanatuambia: "Ni Nyiragongo! Angalia moshi ule." Tunawaelewa. Nyiragongo inatoa hewa ya ukaa nyingi kweli, ni kati ya volkano zinazotoa sana, na waliokimbia lava mwaka 2002 na 2021 hawahitaji kuambiwa nguvu zake. Lakini ukizikusanya volkano zote za dunia, hazifikii asilimia 2 ya kile kinachotoka kwa binadamu.

Bugali uliolala

Katika hewa ya ukaa tunayoitoa, karibu nusu tu ndiyo inabaki juu. Nusu nyingine inamezwa na bahari pamoja na misitu na udongo. Hiyo ni kazi tunayofanyiwa bure. Bila hiyo, joto la leo lingekuwa kubwa zaidi.

Swali ni kama wataendelea kutufanyia. Na hapa joto linaingia lenyewe katika hesabu.

Mama yeyote aliyekaa Bugarama, chini kule kwenye mashamba ya mpunga, anajua kwamba sombe iliyopikwa jana haifiki kesho mchana. Inachacha. Lakini aliyekaa juu, upande wa Nyungwe, ambako asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni, sombe ile ile inalala na kuamka nzima. Tofauti ni joto. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinakula haraka penye joto na polepole penye baridi.

Udongo nao ni chungu kikubwa cha chakula cha vijidudu. Majani yaliyoanguka, mizizi iliyokufa, magogo, vyote vinaliwa mle. Joto likipanda, vinaliwa haraka zaidi, na ukaa unatoka haraka zaidi kwenda hewani. Ukaa huo unaongeza unene wa blanketi. Blanketi linaongeza joto. Joto linaharakisha kuoza. Umeona mzunguko unavyojisukuma?

Bahari inafanya hivyo kwa njia yake. Acha chupa ya Fanta juani kisha ifungue: inakurukia usoni. Maji yenye joto hayashiki gesi vizuri kama maji baridi. Bahari ikipata joto, uwezo wake wa kumeza hewa ya ukaa unapungua. (Msichanganye hili na gesi ya chini ya ziwa Kivu. Ile imeshikwa na uzito wa maji mengi juu yake, ni habari ya peke yake, tutaiandikia siku nyingine.)

Haki lazima isemwe: si kila kitu kinasukuma upande mmoja. Hewa ya ukaa ikiongezeka, mimea mingi inakua haraka zaidi, kwa kuwa ndiyo chakula chake, na hivyo inachukua zaidi. Hiyo ni breki. Wataalamu wameshinda miaka mingi wakipima kama breki ina nguvu kuliko mteremko. Kwa sasa breki bado inashika, lakini kuna fasi ambako inaanza kulegea.

Tena jambo hili halikuanza leo. Katika barafu ya Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, wamechimba na kukuta vipovu vya hewa ya miaka 800,000 iliyopita. Hewa ya ukaa na joto vimepanda pamoja na kushuka pamoja muda huo wote. Mara nyingi dunia ilianza kupata joto kidogo kwa sababu ya namna inavyolizunguka jua, kisha joto hilo likatoa ukaa baharini, kisha ukaa ukaongeza joto kubwa zaidi. Mtu akikuambia "zamani pia dunia ilibadilika," mwambie ndiyo, na ukaa ulikuwamo. Tofauti ya leo ni nani aliyeusukuma kwanza, na kwa haraka gani.

Msitu ule tunaouona

Tuje karibu. Nyungwe, ule msitu mweusi unaokata barabara ya kutoka huku kwenda Huye, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na tangu 2023 uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ng'ambo ya Rusizi kuna ndugu zake: Kahuzi-Biega na Itombwe. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, UOB, walitangaza vipimo vya misitu ya milimani ya Afrika. Walikuta kwamba hekta moja inabeba kwa wastani kama tani 149 za ukaa ndani ya miti iliyo juu ya ardhi. Hiyo ni zaidi sana ya ile hesabu iliyokuwa ikitumika kabla. Kwa maneno mengine, milima yetu ilikuwa imewekwa katika vitabu kwa bei ya chini.

Sasa, miti hiyo itavumilia joto? Watu wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wa Gothenburg, Sweden, hawakutaka kubahatisha. Mwaka 2018 walikuwa wamepanda miti zaidi ya 5,000 ya aina 20 katika fasi tatu: Sigira, juu kwenye baridi, mita kama 2,400; Rubona karibu na Huye, mita 1,600; na Makera mashariki ya nchi, mita 1,300, ambako kuna joto. Miti ya aina moja, katika joto la namna tatu. Ni kama kupeleka watoto wa familia moja katika shule tatu ili uone.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Aina zinazokua upesi, zile zinazojaa mahali palipokatwa, zilifurahia joto na kurefuka. Lakini miti mingi ya asili ya mlima, ile inayokua polepole na kuishi miaka mingi, ilikufa zaidi kadiri ilivyoshushwa kwenye joto. Na hiyo ya polepole ndiyo mara nyingi yenye mbao nzito, ndiyo inayohifadhi ukaa kwa muda mrefu. Mti hauwezi kupanda mlima ukifuata baridi. Mbegu yake inaweza, kidogo kidogo, mpaka mlima umalizike.

Moto ni njia nyingine. Mwaka 1997, baada ya ukame, Nyungwe iliungua sehemu kubwa. Wapo waliosema ni moto wa warina asali, na huenda vilevile ni kweli, lakini moto wa mrina asali unazimika wenyewe msitu ukiwa umelowa. Ukiwa umekauka ndipo unakimbia. Baada ya moto ule ikaota mimea jamii ya kangaga, minene, ikafunika ardhi, na kwa miaka mingi miti haikupata mwanga wa kuota. Watunza hifadhi walilazimika kuikata kwa mikono ili msitu urudi. Ukame unaleta moto, moto unatoa ukaa, na ule uliotoka hauna mti mpya wa kuushika.

Kwa Afrika yote na dunia yote jambo hili limeonekana kutoka juu. Mwaka 2014 Marekani ilirusha setilaiti inayoitwa OCO-2, kazi yake kupima hewa ya ukaa. Bahati ikakuta joto kali la El Niño la 2015 na 2016. Nchi za joto zilitoa hewani ukaa unaozidi ule wa mwaka 2011 kwa tani kama bilioni 2.5. Kusini mwa Amerika ukame ulizuia miti kukua. Asia, moto. Na kwetu Afrika? Mvua haikuwa mbaya sana, lakini joto lilizidi, na kuoza kukaharakishwa. Ni ile habari ya sombe ya Bugarama, ila chungu ni bara zima.

Watafiti waliopima viwanja 244 vya misitu ya Afrika isiyokatwa walisema mwaka 2020 kwamba misitu hii iliendelea kumeza ukaa kwa kiasi kile kile mpaka 2015, wakati ile ya Amazon ilikuwa imeanza kudhoofika tangu miaka ya 1990. Tukasema asante. Lakini waliona pia kwamba kuanzia kama 2010 miti inayokufa imeongezeka hata kwetu.

Kinamasi kisikauke

Tumebakiza kitu ambacho wengi wanakidharau: kinamasi. Watu wanaona mbu na matope. Lakini majani na mizizi ikifa ndani ya maji yaliyosimama, vijidudu vinakosa hewa ya kupumua, vinashindwa kula vizuri, na mabaki yanajilundika miaka na miaka. Yanakuwa udongo mweusi ulio laini, unaoweza kuwaka ukikaushwa. Wanyarwanda wanauita nyiramugengeri. Hapa hapa Rusizi, Gishoma, ulijengwa mtambo wa megawati 15 wa kuuchoma ili kupata umeme. Hatumhukumu mtu. Nchi inayohitaji taa inatafuta katika kile ilicho nacho. Lakini ni vizuri kujua kwamba nyiramugengeri, kwa hesabu ya ukaa, iko karibu na makaa ya mawe kuliko na kuni: kinachoungua kwa wiki moja kilijengwa kwa maelfu ya miaka.

Ndani ya Nyungwe kuna kinamasi cha Kamiranzovu, jina lake maana yake "kinachomeza tembo." Tembo wa mwisho wa Nyungwe alikutwa amekufa huko mwaka 1999. Maadamu maji yapo, ukaa wake umelala.

Kikubwa kuliko vyote kiko nyumbani, Kongo. Katikati ya nchi, upande wa Équateur na Mai-Ndombe, na kuvuka mpaka hadi Kongo-Brazzaville, mwaka 2017 watafiti walitangaza kinamasi cha namna hiyo chenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,000 na zaidi. Ni zaidi ya mara tano ya Rwanda yote. Ndani yake kuna tani kama bilioni 30 za ukaa, karibu sawa na ule ambao dunia nzima inautoa kwa mafuta na makaa ya mawe katika miaka mitatu.

Mwaka 2022 likatoka jambo lingine kuhusu kinamasi hicho, na hili ndilo lilitukosesha usingizi kuliko yote. Walipotoa udongo wake kwa mabomba na kuusoma tabaka kwa tabaka, walikuta pengo. Tabaka la kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita karibu halipo. Zamani hizo mvua ilipungua, maji yakashuka, hewa ikaingia, na vijidudu vikala. Ukaa ukaenda hewani. Hakuna binadamu aliyewasha kiberiti. Ukame peke yake ulitosha. Mvua iliporudi, kinamasi kikaanza kujilundika upya, na ndicho tulicho nacho.

Mvua yenye hasira

Hewa yenye joto inabeba maji zaidi: kwa kila digrii moja ya joto, kama asilimia 7 zaidi. Kwa hiyo inakausha mashamba kwa nguvu zaidi wakati wa kiangazi, na ikija kumwaga, inamwaga mengi kwa mara moja. Ile "hasira" ya mzee wetu ina maelezo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua zaidi ya watu 130 hapa Rwanda, wengi wao magharibi na kaskazini. Siku iliyofuata, ng'ambo ya ziwa, mito ya Kalehe ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikaua zaidi ya watu 400. Kuna wasomaji wetu ambao hawahitaji tuongeze neno hapo. Mungu awapumzishe waliokwenda.

Baada ya msiba huo, kundi la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama mvua fulani imeongezwa nguvu na joto la dunia, walijaribu kuipima mvua hiyo. Walishindwa. Si kwamba walikuta joto halina hatia. Walikosa vipimo. Vituo vya kupima mvua kuzunguka Kivu ni vichache mno, na vilivyokuwapo havina kumbukumbu ndefu ya kutosha. Ulaya wangeweza kujibu kwa juma moja. Hili linatuuma, tuseme ukweli. Hata maumivu yetu hayakupata kipimo.

Basi kuni zetu je?

Turudi kwa mzee. Kambi zinaweza kumaliza msitu, tumeona. Kati ya 1994 na 1996, wakati watu mamia ya maelfu walikaa katika kambi za Goma, kama Kibumba na Mugunga, hifadhi ya Virunga iliyo karibu ilikatwa vibaya sana, na tangu 1994 UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watu hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na maharagwe mabichi na hawakuwa na moto. Na nchi yetu Kongo mwaka 2024 ilikuwa kati ya nchi tatu zilizopoteza msitu wa asili mwingi kuliko nyingine duniani, pamoja na Brazil na Bolivia. Mashamba na makala ni sehemu ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo jirani akilalamika juu ya kilima chake, tumsikilize, kwa kuwa kilima kisicho na miti kinashuka na mvua, na chemchemi ya chini yake inakauka mapema. Hapo ana haki. Akisema sisi ndio tumevuruga majira ya dunia, hapo tumwambie kwa upole, mkono kifuani, yale ya tani 14 na sehemu ya kumi ya tani. Anaweza kushangaa kwamba yeye na sisi tumo katika mstari mmoja.

Jikoni, lile ambalo wamama wengi wanalijua tayari: maharagwe yakilala ndani ya maji usiku mzima yanaiva upesi, kifuniko kisitoke juu ya sufuria, kuni zikauke vizuri kabla ya kuwashwa. Unaokoa kuni na macho na kifua cha mtoto anayelala karibu na moto. Kwa hewa ya dunia ni tone tu, hatutawadanganya.

Lakini kuhusu vipimo vya mvua, hapo kuna kitu ambacho watoto wetu wanaweza kukifanya kuanzia kesho, na tunawaomba walimu na wazazi wawasaidie. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, kama lile la maziwa ya unga, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na mti, ulizungushie mawe lisianguke na upepo. Kila asubuhi saa moja, kabla ya shule, ingiza rula ndani ya maji na usome milimita. Kisha mwaga, lirudishe. Milimita moja maana yake lita moja ya maji imeanguka juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi, hivyo mtoto anaweza kupiga hesabu ya bidoni ngapi zimeanguka juu ya paa lenu. Andikeni tarehe na kipimo katika daftari moja, hata siku isiyo na mvua muandike 0, maana 0 nayo ni habari. Familia ikihama, daftari lisibaki ukutani: mpeni mtoto wa nyumba ya jirani aendelee. Mwisho wa kila mwezi mtuletee kurasa, tutazichapa zote hapa kwa majina ya vijiji vya kambi, tuone kilima kipi kimenyeshewa zaidi.